Tanga Lirudi Kazini: Meli ya Shehena kwa Bahari ya Kusi na Kaskazi

(Hotuba iliyotolewa mjini Amu, yaani Lamu, mbele ya manahodha, mafundi wa vyombo na wafanyabiashara)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, manahodha, mafundi wa Matondoni, ndugu zangu mliovuka na maji ya asubuhi kutoka Faza, Siyu na Kizingitini, kina mama mnaofanya biashara, na nyinyi vijana mliopanda ukutani kwa kuwa viti vimekwisha, nawashukuru. Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni kama kweli nimekuja kuwafundisha watu wa Amu habari za tanga. La, mzee wangu, sithubutu. Kazi yangu ni kusanifu vyombo, na nilichokuja nacho ni hesabu.

Majahazi yenye mashine tunayo, yamejaa hapo nje. Mengi yalijengwa kwa tanga, kisha mashine ikatiwa nyuma baadaye, ikachukua nafasi iliyopatikana. Yakienda kwa tanga, panga la mashine, lile linalosukuma maji, linaburutwa bure na kupunguza mwendo. Yakienda kwa mashine dhidi ya upepo, mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga, vinakamata upepo na kurudisha chombo nyuma. Kwa hiyo nahodha analipia kasoro za pande zote mbili. Chombo kilichopangiwa tanga na mashine pamoja, tangu mstari wa kwanza wa mchoro, hicho hatuna, na ndicho ninachotaka tukizungumze.

Wenzetu wamelijaribu jambo hili kwa njia nyingi. Mwaka 1924 Mjerumani mmoja, Anton Flettner, aliing'oa milingoti ya meli iitwayo Buckau akasimamisha minara miwili ya mviringo inayozungushwa na mota. Upepo ukipita kwenye mnara unaozunguka, hewa ya upande mmoja huongezeka kasi na ya upande wa pili hupungua, na mnara ukavutwa kuelekea kule kwenye kasi. Mwaka 1926 meli hiyo ilivuka Atlantiki hadi New York, lakini mafuta yalikuwa rahisi siku zile, na mawazo yale yakawekwa kabatini. Baada ya misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970, Wajapani walizindua Shin Aitoku Maru mwaka 1980, meli ndogo ya mafuta yenye matanga magumu. Fiji, katikati ya miaka ya 1980, walitia matanga ya kitambaa kwenye meli ya visiwani iitwayo Na Mataisau, na matumizi ya mafuta yakashuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Mwaka 1986 bei ya mafuta ikaporomoka duniani, na hamu ikaisha tena.

Safari hii imerudi na nguvu. Canopée ya Ufaransa ina mabawa manne, kila moja mita za mraba 363, na inabeba vipande vya roketi kuvuka Atlantiki. Pyxis Ocean, meli kubwa ya shehena kavu, ilitiwa mabawa mawili ya urefu wa mita 37.5 mwaka 2023. Shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, IMO, liliweka shabaha mwaka huohuo kwamba gesi za meli zinazoongeza joto la dunia zifikie sifuri halisi kufikia 2050 au karibu na hapo. Basi fedha na wahandisi wapo.

Mimi, hata hivyo, chombo kinachonivutia zaidi ni kidogo: Juren Ae, meli ya mita 48 waliyoipata Visiwa vya Marshall mwaka 2024. Ina matanga ya kitambaa, mashine ya kusaidia, na kazi yake ni kupeleka unga na saruji visiwani na kurudi na mbata. Wale wenzetu maisha yao na yetu yanafanana. Lakini hata hiyo siwaambii tuinakili, kwa sababu upepo wao si upepo wetu.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye jambo lote.

Kutoka Amu hadi Mombasa ni maili za baharini kama 130, na njia inaelekea kusini magharibi, sambamba na pwani. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Maana yake ukishuka Mombasa mwezi wa kwanza, upepo uko tezi, nyuma yako moja kwa moja. Ukirudi, uko omo, unakupiga usoni. Kusi hutoka zaidi kusini, na mambo yanageuka: kupanda Amu unasukumwa, kushuka unapigana. Upepo wa ubavuni kabisa, ambao kila mhandisi wa Ulaya anauota, sisi tunaupata kwa saa chache tu mchana, upepo wa bahari unapoelekea bara, au wakati wa maleleji, kati ya kusi na kaskazi, ambapo upepo wenyewe ni dhaifu.

Minara ya Flettner inafanya kazi nzuri upepo ukiwa ubavuni. Ukija kutoka nyuma, faida inapungua sana; ukija kutoka mbele, minara inakuwa mzigo. Mtu akija hapa na picha nzuri za minara hiyo, mwulizeni kwanza upepo wa pwani hii unavuma kuelekea wapi.

Historia ya Malindi inaonyesha uzito wa jambo hili kuliko jedwali lolote. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa pale, akafika pwani ya Hindi Mei, kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Kurudi hakusubiri kaskazi ikomae. Alitoka Hindi mwanzo wa Oktoba, akaiona pwani ya Mogadishu Januari 1499, baada ya miezi mitatu, mabaharia wengi wamekufa kwa kiseyeye. Bahari ni ileile na vyombo ni vilevile. Aliyekosea ni aliyeupuuza msimu. Leo hatuwezi kumwambia mwenye duka la Langoni asubiri sukari yake mpaka kusi. Ndiyo maana nasema meli hii iwe na mashine kamili ya kuipeleka dhidi ya msimu, na tanga la kuisukuma pamoja na msimu, na tanga hilo liweze kushushwa na kulazwa lisikamate upepo siku ya kwenda omo.

Sasa hesabu. Upepo wa noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, ukihisiwa pale chomboni husukuma tanga zuri kwa takriban kilo tatu na nusu kila mita ya mraba. Tanga la mita za mraba 150 litatoa zaidi ya nusu tani ya msukumo. Chombo kikiwa kinakwenda noti 6, msukumo huo ni sawa na mashine ya nguvu za farasi kama 40, kwa sababu panga la mashine nalo hupoteza karibu nusu ya nguvu linayopewa. Upepo ukiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Ukiwa nusu, unabaki robo.

Lakini angalieni mtego. Chombo kikienda noti 6 na upepo wa noti 15 uko nyuma yake, kinaukimbia. Upepo unaohisiwa chomboni ni noti 9 tu, na msukumo unashuka hadi zaidi kidogo ya theluthi moja. Manahodha wazee mnalijua hili bila kikokotoo. Ndiyo sababu hamkupenda upepo wa tezi kamili, mkauweka pembeni kidogo. Kuupindisha mkondo wa safari kwa nyuzi 30 kunaongeza njia kwa asilimia kama 15, na mara nyingi faida ya upepo inazidi hasara hiyo, maana tanga linaamka na chombo kinaacha kuyumba.

Kuna hesabu nyingine ambayo haihusu upepo kabisa, na huenda ndiyo yenye pesa nyingi kuliko zote: mwendo. Nguvu inayohitajika kusukuma chombo majini hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe. Shusha kutoka noti 8 hadi noti 6, na mafuta ya safari nzima yanapungua kwa zaidi ya sehemu mbili za tano. Kutoka Mombasa hadi hapa kwa noti 8 ni saa 16 na kidogo. Kwa noti 6 ni karibu 22. Saruji haijali hizo saa tano na nusu. Tena tanga lina maana kubwa pale tu chombo kinapokwenda taratibu. Kwa mwendo wa noti 12 tanga letu ni pambo.

Twende kwenye mwili wa chombo. Huku kwetu mchoro lazima uanze na maji. Maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, yale maji makuu, mlango wa Mkanda kati ya Manda na bara haupitiki maji yakiwa machache, na kule Siyu na Pate kila mmoja wetu amewahi kuvua viatu. Chombo chenye mkuku mrefu wa kuzama, kama mashua za mashindano, hakina kazi hapa. Nilichokichora ni cha urefu wa mita 24, upana karibu mita 7, kinazama mita 1.6 kikiwa na shehena ya tani 70, na tumbo lake ni bapa ili kikae mchangani wima maji yakikauka. Tatizo la tumbo bapa ni kwamba chombo huteleza pembeni kikishikwa na upepo wa ubavu. Dawa yake ni ubao mzito wa kushusha katikati ya chombo, unaopandishwa ukifika maji madogo. Ni kifaa cha kale, tena rahisi, ila kinakula nafasi ya ngama, chumba cha shehena, na wapakizi watakilaani.

Tanga la aina gani? Najua mtakachosema. Tanga letu la foromali ni zuri mno, na siku ya mashindano hakuna kinacholishinda kwa macho. Lakini kugeuza foromali mbele ya mlingoti kunahitaji watu wengi, na kupunguza tanga usiku tufani ikija ni kazi ya kuhatarisha roho. Chombo cha tani 70 chenye mabaharia wanane hakilipi. Ninapendekeza milingoti miwili yenye matanga ya mtindo wa Kichina, yale yenye fito zinazopita kuanzia upande hadi upande. Ukilegeza kamba ya kupandishia, tanga linajikunja lenyewe kipande baada ya kipande, na mtu mmoja anatosha. Likitoboka, safari inaendelea, kwa kuwa fito zinazuia mpasuko usiende mbali. Halipandi joshi vizuri, yaani kwenda dhidi ya upepo, nakubali, lakini kupanda joshi tumeshaikabidhi mashine. Na mlingoti wa mbele ubebe pia kreni ya kupakulia, ili mifuko ya saruji isipande ngazi za gati mgongoni mwa watu.

Mashine nazo ziwe mbili ndogo, za nguvu za farasi 70 kila moja, badala ya moja kubwa. Siku ya kwenda dhidi ya kusi zinafanya kazi zote. Siku tanga linapovuta, moja inazimwa na ya pili inafanya kazi ya kutosha. Mashine kubwa ya dizeli ikiendeshwa kwa nguvu kidogo muda mrefu ni kama jiko la mkaa lililozibwa hewa: halizimi wala haliwaki, linatoa masizi tu. Wenye chombo wengi wamepoteza fedha za tanga kwenye gereji kwa sababu hii bila kujua. Panga la mashine iliyozimwa liwe la kukunja mabawa yake.

Juu ya kulala kwa chombo sitasema mengi, ila nitasema kwa ukali. Tanga linalaza chombo. Dhoruba ikija ghafla na upepo ukawa maradufu, nguvu ya kulaza inakuwa mara nne, na shehena ikihama hapo hakuna nahodha wa kuiokoa. Tunakumbuka kuzama kwa feri Spice Islander, Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba. Haikuwa meli ya tanga, ilikuwa imejazwa kupita kiasi, na msiba wake tuliulia pwani nzima. Chombo hiki kiwe na mstari wa shehena uliopakwa rangi ubavuni, milango ya ngama inayofungwa kweli, na hesabu ya uthabiti iliyokaguliwa na mamlaka kabla ya tanga la kwanza kutwekwa. Na abiria wasipande juu ya shehena. Kwa hili siwezi kubembeleza mtu.

Msidhani nauza tanga kila mahali. Kati ya Mokowe, gati la bara, na Amu, au Amu na Shela, tanga la shehena ni usumbufu: njia fupi, maji membamba, vyombo vimesongamana. Huko ni afadhali mashine nzuri, au umeme wa betri siku ukiwa rahisi. Na wale wanaosema bandari mpya ya Kililana, iliyoanza kazi Mei 2021, itatumaliza, mimi naona tofauti. Meli kubwa zikishusha makasha pale, lazima kuwe na vyombo vidogo vya kugawa shehena kwenda Pate, Ndau na Kiwayu. Swali ni vya nani.

Mshindani wetu halisi ni lori. Barabara ya Garsen na Witu sasa ni lami, na lori linafika Mokowe kwa siku moja. Lakini likifika linapakuliwa, mzigo unatiwa mashuani, unavuka, unapakuliwa tena. Kila mkono unaougusa mfuko unalipwa, na kila mguso mfuko mmoja unachanika. Chombo kinachopakia Bandari ya Kale Mombasa na kupakulia hapa Amu, au moja kwa moja Faza, kinafuta mikono miwili. Hapo ndipo senti zinapohesabika, zaidi hata ya mafuta.

Baada ya hapo watu waliuliza maswali, na matatu nimeona niyaandike.

Fundi mmoja wa Matondoni alisimama: "Bwana mhandisi, mchoro wako ni wa chuma. Sisi tumelelewa na mbao, misumari na kalafati. Umetuacha wapi?"

Nilimjibu kwamba nimechora chuma kwa sababu mbao kubwa za mbambakofi na mvule zimekuwa adimu, na kibali chake ni safari nyingine. Bamba la chuma lililonyooka linakatwa na kuchomelewa Mombasa, na tumbo bapa halihitaji kukunjwa sana. Lakini milingoti, fito, sitaha, usukani na matanga sioni kwa nini vitoke kwingine. Tena watu wa hapa hawaogopi vitu vipya: Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa fukweni, lilijengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Fundi akasema chuma kina kutu. Nikasema mbao zina mchwa wa baharini. Watu wakacheka, na hatukukubaliana.

Nahodha mzee aliyekaa safu ya mbele hakusimama. Alisema: "Mwanangu, yote umenena mema. Kusi ya mwezi wa sita, pale mlango wa Shela, mawimbi yamesimama, maji yanatoka na upepo unaingia. Hilo bapa lako litafanya nini?"

"Litapigwa, baba," nilimwambia. "Tumbo bapa linapiga maji kama kofi, na mabaharia hawatalala. Omo, mbele ya chombo, nimeuchora mwembamba kupunguza kishindo, lakini hauondoki wote. Siku kama hiyo linasubiri maji yageuke, kama mlivyokuwa mkisubiri nyinyi." Alitikisa kichwa, akasema ratiba yangu basi iandikwe na mwezi, na saa iachwe nyumbani. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika hilo, na bado nadhani yuko sawa: tarehe za kuondoka zitangazwe kwa jedwali la maji, miezi mitatu mbele.

Swali la mwisho lilitoka kwa mama mmoja wa Kizingitini anayenunua kambakoche, wale kamba wakubwa wa baharini, kutoka kwa wapiga mbizi. Alitaka kujua kama kamba wake watafika Mombasa hai kwa meli ya saa 22.

"La, mama, usiwapakie," nilisema. "Mzigo wako ni wa ndege ya Manda au wa gari lenye barafu. Ila swali lako limenikumbusha jambo nililoliruka. Kutoka Mombasa chombo kitajaa kila safari: unga, saruji, mabati, soda. Kurudi kitajaa nini?"

Watu wakaanza kutaja wenyewe. Boriti za mikoko, mmoja akasema, na mwingine akamkumbusha marufuku ya mwaka 1982 ya kuziuza nje ya nchi na vibali vya leo hata kwa soko la ndani. Makuti. Nazi. Mbuzi. Kijana mmoja wa Mpeketoni akasema maembe, yanaiva kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa pili na mengi yanaoza shambani bei ikianguka. Niliona hesabu ikijipanga mbele ya macho yangu: ndiyo miezi ya kaskazi, upepo uko tezi kuelekea Mombasa, na ndiyo miezi ambayo chombo kingeshuka kitupu. Kwa miezi mingine, chombo chepesi hakikai vizuri chini ya tanga, na zamani tulipakia mawe kuwa farumi, uzito wa kukituliza chombo. Nimeongeza kwenye mchoro matangi mawili ya maji ya chumvi ubavuni, tani nane kila moja, yanayojazwa kwa pampu ya mashine na kumwagwa kabla ya kufunga gati. Yule kijana nimemwomba aniletee vipimo vya kreti la maembe, ili upana wa mlango wa ngama ufuate kreti.